Nyuma ya Mapipa ya Petroli

Kakuma, alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Deodata,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kuwaaga watu wa kwaya, na nyumba imebaki na mimi na begi lako. Begi limefungwa kamba juu ya zipu, kazi ya mama yako, ambaye haamini zipu yoyote duniani. Soksi, dawa, ule mfuko wa karatasi zako za safari ambao hutakiwi kuuachilia hata ukienda msalani: hayo ameyasema yeye, mara tatu, kwa mpangilio. Mimi nimebakiwa na jambo moja tu, na hilo moja nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Wiki tatu zilizopita, kule Lodwar, uliniuliza swali. Tulikuwa tumetoka mahakamani kuapa ile karatasi ya tarehe yako ya kuzaliwa, tukaketi kwenye kibanda cha yule mama Mturkana karibu na uwanja wa ndege, tukaagiza samaki wa kukaanga na ugali. Ndege ya Nairobi ikanyanyuka, vikombe vikatetemeka mezani. Uliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta. Kisha ukasema, bila kunitazama:

"Baba, unanikubalia au hunikubalii?"

Nami nikajibu, "Kapteni, kwanza maliza samaki. Rubani mwenye njaa hupotea njia."

Mwenye kibanda alicheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Saini yako kwenye fomu ninayo. Nilikuwa nataka jibu." Ukaendelea kuchambua miiba, polepole, ukiipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayepanga sindano. Tangu siku ile hujaniuliza tena, na kila asubuhi nimeamka nikisema leo nitajibu, na kila jioni nimekuita Kapteni, nimekutania habari za theluji, tukalala.

Barua hii ndiyo jibu. Itanibidi nianze mbali kidogo. Nivumilie.

Anza na kitabu chetu. Hakikuwa na jalada. Kilifika katika chumba cha kusomea ndani ya boksi la vitabu vya msaada, kati ya kitabu cha kufuga nyuki na nusu ya kamusi, miaka ile nilipokuwa mtunza chumba. Kilieleza habari za vijana waliopelekwa Kanada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili wajifunze kurusha ndege za kivita. Walipelekwa kule kwa sababu adui alikuwa mbali na anga ilikuwa pana. Mashamba ya ngano, tambarare mpaka macho yachoke. Walitoka Uingereza, Australia, na wengine kwenye visiwa vya joto ambako barafu ilikuwa kitu cha kusikia tu. Ndege zao za mafunzo zilipakwa rangi ya manjano zionekane kwa urahisi. Na wengi walikufa huko huko mafunzoni, bila kumwona adui hata kwa mbali. Waliuawa na theluji, na ukungu, na nyaya, na wenzao waliokuwa wakiruka bega kwa bega nao, na haraka yao wenyewe.

Ulikuwa na miaka sita ulipoanza kuniomba nikusomee. Nilikuwa natafsiri hapo hapo, kidole kikiwa kwenye mstari wa Kiingereza na mdomo ukisema Kiswahili. Kulikuwa na yule kijana wa kisiwani, siku ambayo theluji ilifunika ardhi na mawingu yakafunika mbingu, vyote vyeupe, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Wewe ulikuwa unashika mkono wangu hapo. "Halafu?" Halafu, nikakuambia, akaona moshi wa nyumba moja ya mkulima, akaufuata, akatua shambani, na mke wa mkulima akampa supu ya moto. Kulikuwa na yule mwingine aliyeshuka chini sana, kinyume cha amri, ili amwonyeshe msichana wake ndege mpya. Nilikuambia alipunga kitambaa dirishani, akarudi kambini, akafungiwa siku tatu kwa utovu wa nidhamu. Ulizipenda sana zile siku tatu. Ulikuwa unauliza alikula nini humo.

Na jioni tulikuwa tunakwenda uzioni, kwenye kiwanja cha ndege cha hapa Kakuma, kungoja ndege ya mwisho ya mashirika ya misaada. Mzee Ekai, mlinzi, ndiye aliyekuwa akiwafukuza mbuzi wasikae njiani. Akikuona tu alikuwa anaanza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, rubani!"

"Ejok!"

"Leo mbuzi yangu imelala kwa barabara ya ndege. Wewe utashukia wapi?"

"Nitashukia kwa mgongo ya ngamia yako!"

Alikuwa anacheka mpaka anaegemea fimbo. "Mzee," alikuwa ananiambia, "hii mtoto yako iko na mdomo." Nilikuwa najivuna. Nilidhani nakulea vizuri: mtoto mwenye mdomo, mtoto anayejibu utani kwa utani. Kama kuna jioni ningeomba zirudishwe, ni zile. Vumbi likiwa jekundu, harufu ya kuni za mathenge kutoka majikoni, na wewe umeshika waya wa uzio kwa mikono miwili, ukingoja mlio kutoka kusini.

Kisha ukatimiza miaka kumi na mitano, Kiingereza chako kikapita changu, na ukakichukua kitabu mwenyewe. Ulikisoma siku mbili. Ulinikuta nafagia chumba cha kusomea.

"Baba, hawakutua."

"Nani?"

"Wote. Wa theluji. Wa kitambaa. Bawa lake walilikuta kwenye nyaya za simu. Wewe ulisema alifungiwa siku tatu."

"Huenda alifungiwa mbinguni," nikasema.

Uliweka kitabu mezani ukaondoka. Na tangu siku ile ulianza kusoma fizikia kama mtu aliyechokozwa. Walimu walidhani ni kipaji. Mimi nilijua ni hasira, na nilijua ni mimi niliyeiwasha, lakini sikukuita nikueleze kwa nini mzee mzima, mtu wa vitabu, hakuweza kusoma kwa sauti habari ya ndege ya mafunzo inayoanguka.

Sasa nitakueleza.

Unajua kwamba jina lako ni la mjomba wako Deogratias, kaka wa mama yako, na kwamba alikufa kijana kwa ajali. Ukiuliza ajali gani, kila mtu nyumbani hujipatia kazi ya kufanya. Ilikuwa ajali ya ndege. Alikuwa mwanafunzi rubani. Na mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Hukuwahi kuniona nikishika spana, najua. Lakini nilikuwa fundi msaidizi kwa miaka minne, kwenye kiwanja kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire. Ndege ilikuwa moja, ya injini moja, ya kubeba dawa, barua, na mara nyingine mama mwenye uchungu wa kuzaa. Njia yake ilikuwa ya udongo, na kwa kuwa ilikuwa mahali pakavu na safi kuliko pengine pote, wanawake walianika ndagala zao, wale dagaa wa ziwa, hapo hapo. Asubuhi, kabla ya ndege kuruka, nilikuwa napiga kipande cha reli, nao wanakuja mbio kukunja mikeka, wakinitukana mimi na ukoo wangu. Ndege ikishapita wanaikunjua tena. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala nasikia pia harufu ya petroli, na nakuwa kijana.

Rubani alikuwa Mbelgiji mzee tuliyemwita Bwana Remi. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, akaamua kumfundisha mtu wa pale kabla hajarudi kwao. Alimchagua Deo, karani wa kiwanja, kwa sababu Deo alikuwa hakosei hesabu na hakuwa na woga. Na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kumposa dada yake. Posa ilikuwa imepokelewa. Tulikuwa tunangoja mavuno. Kwa hiyo Deo alikuwa shemeji yangu.

Huku kambini mmekua mmechanganyika, mila nyingi hamkuziona zikifanya kazi. Kwetu shemeji ni mtani. Utani huo ni wajibu. Shemeji asiyekutania, watu husema anakuficha kitu. Kila asubuhi Deo alikuwa anakuja na kofia yake, anasimama mbali, anapaza sauti: "Shemeji, ndege iko salama?" Na mimi, ambaye nimekwisha kuikagua tangu alfajiri na najua kila msumari, nilikuwa lazima nimjibu ubaya.

"Bawa la kushoto limeliwa na mchwa."

"Mchwa wa kwenu wana meno kuliko wazee wenu."

Siku nyingine: "Leo propela inazunguka kinyumenyume. Ukiruka utafika jana."

"Nikifika jana, nitaikataa posa yako!"

Bwana Remi alikuwa anasikia Kiswahili nusu nusu, anatabasamu, anasema ni vizuri vijana wakifanya kazi kwa furaha. Na ilikuwa furaha kweli. Sijacheka vile tena. Nakuandikia haya ili ujue kwamba kilichomuua mjomba wako kilikuwa kitu tulichokipenda.

Petroli ilikuwa inakuja kwa boti, ndani ya mapipa. Pipa la petroli ya ndege halisimamishwi nje. Hulazwa ubavu, vizibo vyake viwili vikiwa sawa na ardhi. Sababu ni kwamba pipa hupumua. Mchana likipata joto hutoa hewa. Usiku likipoa huvuta. Likiwa limesimama na mvua imetuama juu yake, huvuta maji kupitia kizibo, tone kwa tone, hata kama umekikaza kwa nguvu zako zote. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua Baba Yetu.

Jumamosi moja mapipa matano yalifika jioni. Parokiani kulikuwa na ngoma, na mama yako angekuwepo, amevaa kitenge cha kijani ambacho bado nakiona. Kuyalaza mapipa yale peke yangu kungechukua nusu saa. Niliyaacha yamesimama. Usiku ule mvua ilinyesha, nasi tukacheza chini ya mabati bila kusikiana. Sijajuta kucheza na mama yako. Ile nusu saa ndiyo ninayoijuta.

Kesho yake, baada ya misa, Deo alikuwa aruke peke yake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzunguko mmoja tu: kupanda, kugeuka juu ya ziwa, kurudi. Nilijaza tangi kutoka kwenye mapipa yale yale, kwa ngozi ya kuchujia iliyokuwa imechakaa. Kisha nikafanya ambalo fundi hufanya kila asubuhi: nikaingia chini ya bawa na chupa ya kioo, nikafungua kijibomba, nikamwaga kidogo. Petroli ile ilikuwa na rangi ya buluu hafifu. Maji hayana rangi, nayo ni mazito. Hukaa chini ya petroli yakikutazama kama jicho. Niliona jicho. Nikamwaga chupa ya pili, nikaona jicho dogo zaidi. Ya tatu ilitoka safi.

Fundi yeyote atakuambia kwamba chupa moja safi baada ya mbili chafu haitoshi. Inabidi kungoja, saa moja au zaidi, maji yaliyotawanyika yatulie chini, ndipo umwage tena. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujaa. Bwana Remi akapita, akaniuliza kwa Kifaransa:

"Umemwaga?"

"Ndiyo, Bwana."

Nilikuwa nimemwaga. Hakuniuliza nimeona nini, nami sikumwambia. Tangu hapo sijaamini kwamba mtu akishaepuka uongo amekwisha kumaliza deni la ukweli.

Bado nilikuwa na nafasi moja. Lakini mama yake Deo, bibi yako, alikuwa amekuja na mama yako, na amesimama karibu kabisa na ndege, karibu na ncha ya bawa, na kitenge kipya mkononi cha kumfunga mwanawe mabegani akishuka. Na kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe. Akimwona njiani huingia kichakani mpaka apite. Hali mbele yake, hapazi sauti mbele yake. Mimi, mchumba ambaye posa yake haijamaliza mwaka, ningetembea vipi mbele ya umati hadi alipo, nipige kelele? Nilirudi nyuma ya mapipa, kama nilivyotakiwa. Kila mtu aliyeniona alisema huyu kijana ana adabu.

Deo akanijia mpaka hatua chache kutoka nilipo, kofia kichwani.

"Shemeji! Ndege iko salama?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mama yake: "Tangi limekunywa maji, shemeji. Usipande leo, nisije nikala kuku wa matanga yako."

Alicheka kwa kichwa chote, unavyocheka wewe. "Jana mchwa, leo maji! Kesho utasema ndege ina mimba!"

Akageuka akaenda.

Nilikuwa nimemwambia, Deodata. Hilo ndilo nililojifunika nalo miaka mingi: nilimwambia. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini nililisema kwa sauti ya mchwa, sauti ya propela inayozunguka kinyumenyume, sauti ambayo kwa miezi minane nilikuwa nimemfundisha mwenyewe asiiamini. Ningeweza kuchukua hatua thelathini. Ningeweza kumwita kwa jina lake, Deogratias, ambalo sijawahi kumwita, naye angesimama kwa mshangao tu. Sikutaka kuonekana mtu asiye na adabu, nikabaki mahali nilipokuwa.

Wanawake walikunja mikeka. Injini ilinguruma vizuri pale chini, nikajiambia, unaona, ni safi. Ilinyanyuka vizuri. Ilipofika juu kidogo ya michikichi ikakohoa mara mbili, kisha nikasikia ziwa. Yaani nikasikia mawimbi, ambayo usingeyasikia kama injini ingekuwa inalia. Deo alijaribu kugeuka ili arudi kiwanjani. Wanafunzi wote hufundishwa wasifanye hivyo, washuke mbele, popote. Lakini mama yake alikuwa kiwanjani. Ndege ililala upande mmoja ikaingia kwenye matete.

Bwana Remi aliandika ripoti yake akilia. Aliandika kwamba injini ilizimika na mwanafunzi akajaribu kugeuka badala ya kutua mbele. Kosa la rubani. Kila neno lilikuwa kweli, nami sikuongeza hata moja.

Sasa unaelewa kwa nini kitabu kile kilinishika. Kila ajali ndani yake ilimalizika hivyo hivyo: kosa la rubani, kosa la rubani. Kijana alishuka chini mno. Kijana alipotea kwenye theluji. Na mimi, nikiwa nimekaa pale Kakuma kwenye kiti cha plastiki, kila mara nilikuwa nauliza swali ambalo kitabu hakikuliuliza: chini kulikuwa na nani asubuhi ile? Aliona nini? Alilisema vipi? Huenda mara nyingi hakuwepo mtu. Theluji ni theluji. Lakini sikuweza kuwasoma wale vijana bila kumwona mtu mmoja nyuma ya mapipa. Ndiyo sababu niliwatua wote. Hadithi zile zilikuwa zako, lakini supu ilikuwa yangu.

Wiki ile uliyonikuta nafagia, nilimwambia mama yako. Tulikuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, tumevuka ziwa pamoja usiku wa vita, tumewalilia wazazi bila kuyaona makaburi yao, na hilo sikuwa nimemwambia. Alikuwa anachambua dengu za posho, anatoa mawe. Nilimweleza mapipa, chupa, jicho, vyote. Hakuinua kichwa.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona nyuma ya mapipa. Niliona unamwambia kitu. Niliona anacheka."

"Kwa nini hukuniuliza, miaka yote hii?"

"Ningekuuliza, ungenitania."

Aliendelea na dengu. Niliokota jiwe moja alilolipita, nikaliweka pamoja na mengine. Kisha akasema, "Deodata naye atakuuliza kitu siku moja. Usimchekeshe."

Nikaahidi. Na siku ilipofika, pale Lodwar, nilikuambia umalize samaki.

Mama yako alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Umerudi tena kule nyuma," akaenda kuteka maji.

Watu wa kanisa waliokudhamini kule Kanada walituma picha ya kiwanja utakachojifunzia. Umeiona mara mia, lakini sijui kama uliona nilichokiona. Njia zake tatu za zamani zimekatana zikafanya pembetatu, kama zile za kitabuni. Ni kimojawapo cha viwanja vile vya wakati wa vita, mwanangu. Na katika barua yao wametaja kwamba makaburini mwa mji ule kuna safu ya vijana waliokufa wakijifunza, na kwamba watu bado wanawawekea maua. Ukipita hapo, usiwapelekee hadithi zangu. Simama ujue kwamba walianguka. Wana haki ya angalau mtu mmoja kutoka Kakuma anayejua walivyoanguka kweli.

Sikuwekei chupa ya kioo ndani ya begi. Watakupa yao, nzuri kuliko yetu. Wala sitajifanya najua ndege za siku hizi. Nimefikiri tu juu ya jambo dogo. Huko hutakuwa na shemeji, wala mama mkwe wa kumwogopa bawani. Lakini sidhani kuna nchi isiyo na adabu yake ya kunyamazisha watu. Huenda kwao ni tabasamu, huenda ni haraka, huenda ni mwalimu anayependwa sana hata hakuna anayetaka kumsumbua. Utaigundua polepole, kwa sababu itakuwa tamu. Yetu ilikuwa tamu. Basi ukimkuta fundi amejikunyata pembeni, hata kama anacheka, nenda mpaka alipo. Usimuulize kama amemwaga. Muulize ameona nini, ungoje mpaka amalize kucheka.

Na wewe una mdomo wa mjomba wako. Usiutupe, ni mali. Jua tu, siku utakapokuwa na neno zito, kwamba watu watalisikia kwa sauti uliyowazoesha.

Nasikia sauti za wanakwaya wanakusindikiza, wamefika kwenye lile bomba la maji, wanaimba na mama yako anawaambia wapunguze kelele. Nina dakika chache.

Uliniuliza: unanikubalia au hunikubalii? Ukweli ni kwamba sikutaka. Nilitia saini huku nikiomba karatasi zipotee, kama zinavyopotea karatasi za watu wengi humu kambini. Zilipochelewa nilifurahi, na ulipolia kwa kuchelewa kwake nilikuletea chai na mzaha. Naomba unisamehe chai ile. Ninaogopa. Kila nikifumba macho nasikia ziwa. Woga huu ni wangu, nimeupata kwa kazi yangu mwenyewe, wala si mali ya kukurithisha.

Nakukubalia, Deodata. Nenda ukajifunze kuruka. Hakuna mzaha ndani ya maneno haya.

Kesho kiwanjani utaniona. Unajua pale uzioni kuna kontena kuukuu ambalo wazee hujificha kivulini mwake wakati watoto wao wanapanda, ili wasionekane wakilia. Sitakaa pale. Nitasimama mbele, juani, karibu na Mzee Ekai na mbuzi wake, kofia mkononi. Na nikiona kitu chochote kisicho sawa, hata ikiwa ni kamba ya begi tu imelegea, nitakuita kwa jina lako lote, kwa sauti, mbele ya watu wote. Utaona haya. Geuka hivyo hivyo.

Baba yako